Anti, nyumbani wanajua nasomea kutengeneza ndege, na Jumatatu nina intavyuu

Shikamoo Anti,

Nakufuatilia siku nyingi ila kuandika ndio mara ya kwanza, naomba jina langu lisitokee kabisa maana mama na mashoga zake wa Tabata wote wanakusoma, na hii ishu ikimfikia kupitia kwako kabla yangu mimi nimekwisha.

Nina miaka 29, mtoto wa kwanza kwa mama, mzee alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilisoma PCM, nikaingia Mlimani kuchukua makenika, nikapata ufadhili wa masta Ubelgiji, sasa hivi nipo Uingereza mwaka wa tatu wa PhD. Ukiisikia hivyo inapendeza sana. Kasheshe ni kile ninachosomea.

Nasomea aerodainamiki ya haipasoniki. Yaani hewa inavyofanya pale kitu kinapopita kwa spidi ya Mach 5 kwenda juu, mara tano ya spidi ya sauti, kule juu angani ni kama kilomita moja na nusu kwa sekunde, Dar mpaka Moro dakika mbili umefika. Na sio hewa yote Anti, mimi nahusika na ule utando mwembamba unaogusa ngozi ya chombo, tunauita baundari leya, kwenye modeli yangu, koni ya chuma ninayoipimia maabara, unene wake ni milimita mbili hivi. Mwanzoni unateleza umetulia, halafu mahali fulani unavurugika, na ukishavurugika joto linaloingia kwenye chuma linapanda mara kadhaa. Kabla ya kuvurugika kunakuwa na vimawimbi vidogo vinapiga mara laki kadhaa kwa sekunde, wenyewe wanaviita mawimbi ya Mack (Mack, sio Mach, ni watu wawili tofauti, hata mimi nilichanganya mwaka mzima). Swali langu la PhD ni moja tu, unavurugika wapi na kwa nini pale. Basi. Miaka mitatu.

Kilichoniingiza huku ni picha. Mwaka wa tatu Mlimani mwalimu alituonyesha ndege ya Wamarekani, X-15, ile iliyoruka Oktoba 1967 ikafika Mach 6.7 na rubani Pete Knight. Ilirudi salama ila chini ya mkia imeungua, chuma kimetobolewa kama mtu kapitisha moto wa kuchomelea, na hakuna moto uliokuwepo pale, ni hewa tu, mawimbi ya mshtuko (yaani hewa inayobanwa ghafla na kitu chenye kasi) yaligongana sehemu moja joto likajikusanya hapo. Ile ndege haikuruka tena. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya vitendo kiwanda cha saruji, nafagia vumbi la klinka miezi miwili, nikaiangalia ile picha nikasema hiki ndicho nataka kukijua.

Sasa uongo ulivyoanza. Siku naondoka kwenda Uingereza tuko kwenye gari tunaelekea eapoti, foleni ya Tazara pale haisogei, mama akaniuliza, "Kwani baba unaenda kusomea nini hasa?" Nikaanza kuelezea nikaona macho yake yananitazama kwa upendo lakini hayapo, nikakata nikamwambia, "Ndege mama, nasomea ndege." Alifurahi Anti, alifurahi mpaka akampigia dada yake Tanga palepale.

Kuanzia hapo nikawa injinia wa ndege. Ndege ya shirika letu ikikwama mahali wananitumia habari wananiuliza tatizo nini. Mwaka jana nilikuja na kipande cha chuma, ncha ya modeli yetu ya zamani iliyotupwa, koni ndogo ya stilisi inatosha kwenye kiganja, nilitaka tu kuwaonyesha. Mama ameiweka kwenye kabati la vyombo, kati ya maua ya plastiki na picha ya mzee, mgeni akija anaambiwa hiyo ni pua ya ndege aliyotengeneza mwanangu. Mara ya mwisho nimesikia kuna mzee wa kanisani aliishika akaiombea.

Nimekuja wiki mbili kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu, ni Jumamosi hii. Nikakuta mambo mawili. La kwanza, mjomba ametumia watu anaowajua amenipatia intavyuu kwenye kampuni moja ya ndege hapahapa Dar, Jumatatu saa tatu asubuhi, kazi ya fundi mhandisi wa ndege. Anti mimi sijawahi hata kufungua kifuniko cha injini ya ndege. La pili, kwenye kamati wameniandikia ahadi ya milioni mbili bila kuniuliza, eti daktari wa ndege hawezi kutoa laki tano. Posho yangu ya ufadhili inaisha Machi.

Na mjomba huyohuyo akikaa kijiweni anawaambia wenzie mimi natengeneza makombora, maana alisikia habari ya Warusi na kombora lao la Kinzhal kwenye redio neno haipasoniki likatajwa, akaunganisha. Kwa mama ni ndege, kwa mjomba ni makombora.

Kitu kingine ambacho sijamwambia mtu ni kwamba hata hiyo PhD yenyewe siioni. Maabara yetu ni bomba refu, unajaza gesi upande mmoja kwa presha kubwa, katikati kuna bati jembamba linapasuka kwa makusudi, upepo unakimbia unaikuta modeli, na upepo mzuri unadumu milisekunde tatu. Tatu! Siku ya bahati tunapiga shoti tatu. Nimepiga 31, nzuri ni 23, zilizobaki sensa zilikufa (sio za kuhesabu watu, za kupima joto na presha, ninazo 12 kwenye koni). Juzi usiku nikapiga hesabu, data yangu yote nzuri ya miaka mitatu ukiipanga mstari haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Ukipepesa jicho imepita. Nimeacha nyumbani, nimemwacha mama na kodi na mdogo wangu na ada, kwa kitu kisichofika kupepesa jicho. Na wenzangu wanaomaliza wanaenda kwenye makampuni ya ulinzi, mimi nikiomba fomu ya kwanza inauliza uraia.

Niende kwenye hiyo intavyuu nijaribu bahati? Niache PhD nirudi? Na mama namwambiaje?

Mtoto wa Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Nimecheka kwa yule mzee wa kanisani, unisamehe, halafu nilivyofika kwenye kupepesa jicho nikaacha kucheka.

Nianze na yangu maana wengi humu hawajui. Mimi kabla ya kuwa Anti wa watu nilisomea ukaushaji wa mihogo, udaktari kabisa, miaka mitano napima unyevu kwenye vipande vya muhogo. Niliporudi kijijini na jina la dokta, watu walinipangia foleni kwa bibi, presha, vidonda, mtoto haongei. Ningesema ukweli siku ile ile ingeisha kwa kicheko. Sikusema. Bibi yangu alikuwa anafurahi mno, nikawa nawaambia wanywe maji mengi na waende zahanati, miezi minane, mpaka alipokuja mama mmoja na uchungu wa kujifungua. Ndio siku niliyosema, na nilisema napiga kelele barabarani natafuta bodaboda. Mama yule alijifungua salama, lakini bibi alinuna wiki mbili, na kilichomuudhi sio mihogo, ni kwamba alijua pamoja na watu baki.

Kwa hiyo mama yako unamwambia kabla ya Jumamosi. Sio baada ya sendofu ili usimharibie shughuli, hapana, kabla, kwa sababu MC tayari kashaandikiwa utakavyotambulishwa, na MC akishasema "kaka wa bibi harusi mtarajiwa, injinia wa ndege kutoka Uingereza" mbele ya watu mia tatu, huo uongo si wako tena, umekuwa wa mama yako, na yeye ndiye atakayebaki nao Tabata wewe ukiwa umepanda ndege.

Na usimwambie kwa maneno uliyoniandikia mimi. Baundari leya haitamsaidia. Nenda kwa fundi baiskeli, azima pampu ya mkono, ile ndefu. Kaa na mama jikoni, ziba tundu kwa kidole gumba, pampu kwa nguvu mara ishirini, halafu mpe ashike kwa chini pale hewa inapobanwa. Atatoa mkono. Mwambie mama, hakuna moto hapa, ni hewa imebanwa ghafla, sasa kuna vyombo vinakwenda kasi mpaka hewa ya mbele inabanwa kiasi inafika digrii elfu moja, na hizi sufuria zako za alumini zinayeyuka kwenye 660. Kazi yangu ni kujua joto hilo litakula wapi kabla hao waliomo ndani hawajaungua. Akikuuliza nani yumo ndani mwambie wale waliotoka mwezini walirudi kwa kilomita 11 kwa sekunde. Nina hakika ataelewa kuliko baadhi ya wenzako wa maabara, mtu aliyepika kwa mkaa miaka arobaini huwezi kumfundisha joto.

Mpe na hadithi ya pua. Watu wote kabla walidhani chombo cha kasi kinataka ncha kali kama mkuki, akaja mtafiti mmoja, Allen, kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaonyesha kwamba chombo kinachorudi kutoka angani kikiwa na pua butu, lile wimbi la mshtuko linasimama mbali kidogo na joto kubwa linabaki kwenye hewa badala ya kuingia kwenye chombo. Ndio maana vile vyombo vya kurudia kutoka mwezini vilikuwa na tumbo kama chungu. Halafu itoe ile koni kwenye kabati mwonyeshe ncha yake. Wewe ndiye unayejua kwa nini imechongwa vile, mwambie, yeye ameitunza mwaka mzima bila kuambiwa.

Intavyuu sasa. Usiende kujaribu bahati. Fundi mhandisi wa ndege anashika leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, na ni mafunzo yake na mitihani yake na ndege yake maalum aliyoidhinishiwa, kuna vijana pale Chuo cha Usafirishaji Mabibo wanaikalia hiyo miaka, na PhD yako haikupi hata ukurasa mmoja wa ile leseni. Sahihi ya yule mtu ndiyo inayoruhusu abiria wapande. Nakuambia hivi ujue hiki sio kitu cha kubahatisha na wala sio aibu kutokuwa nacho, daktari wa meno hatoi miwani.

Ila pia usipotee tu Jumatatu. Mjomba ameazima heshima ya mtu kukupatia hiyo nafasi. Ijumaa asubuhi mpigie mwenyewe huyo aliyepanga, sio meseji, sauti, umwambie wewe ni mtu wa aerodainamiki na upimaji wa joto, si fundi mwenye leseni, umeona vema aambiwe mapema asipoteze muda wa watu, na unashukuru. Dakika nne. Wakisema njoo hivyohivyo tuongee, nenda, utakuwa umeenda kama wewe. Halafu mjomba mfuate kwake na soda, na hapo kwenye makombora usimkwepe, maana si kichaa, hiyo elimu inatumika huko kweli na wewe unajua. Mwambie unachofanya na usichofanya. Kama hujakaa ukaamua mwenyewe mstari wako uko wapi, amua kabla hajakuuliza, maana huyo mzee atauliza na atauliza mbele za watu.

Milioni mbili hutoi. Andika kwenye kundi la kamati leo, "ndugu zangu uwezo wangu ni laki tatu, naileta Alhamisi taslimu", au chochote ulichonacho kweli, na uongeze kazi ya mikono, kupanga viti, kuwafuata wageni stendi. Hutaamini jinsi pesa taslimu ya Alhamisi inavyoziba midomo ya ahadi.

Nimeacha PhD mwisho makusudi maana hapo ndipo nilipokasirika kidogo.

Umesema sehemu ya kumi ya sekunde haifiki. Sawa. Lakini hukuniambia unarekodi mara ngapi, nikamuuliza mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya vipimo vya aina hiyo, akasema mara milioni mbili kwa sekunde ni kawaida. Tuseme na wewe ni hapohapo. Milisekunde tatu ni vipimo 6,000 kwa kila sensa, sensa 12, shoti 23, hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki sita. Na vile vimawimbi vyako, kimoja kikipiga laki mbili kwa sekunde basi ndani ya shoti moja kimepiga mara 600. Mimi muhogo wangu ulikauka siku mbili nikapata namba arobaini. Nani kati yetu ana data? Muda unaoupimia wewe ni wa saa ya ukutani, mawimbi yako hayaishi kwenye saa hiyo, na hili unalijua, umechoka tu, na kuchoka mwaka wa tatu kunamkuta kila mtu niliyewahi kumuona.

Unaloweza kufanya wiki hii ni kumwandikia supavaiza wako. Mwambie zile shoti nane zilizokufa, sensa zipi na kwa nini, na posho inaisha Machi, na umuulize moja kwa moja kama kuna kipindi cha kuandika tasnifu ukiwa Dar. Nahisi hujamwambia yote. Nimeiona hiyo namna ya kuongea, "hata PhD yenyewe siioni", ni ya mtu aliyeficha kitu kwa mwalimu kama alivyoficha kwa mama. Majaribio unamaliza huko, lakini hesabu za kompyuta unaweza kuendeshea popote penye umeme, programu kama OpenFOAM na SU2 ni za bure, na tasnifu haijali unaandikia Tabata au London ilimradi mama asikutume dukani kila nusu saa.

Kuhusu ile fomu inayouliza uraia, hiyo ni kweli na sitakuficha. Hata kuingia kusoma nadhani ulipitia kibali cha ATAS, Waingereza wanakitaka kwa raia wa nchi nyingi kwenye masomo ya namna hii, na kazi za huko ni hivyohivyo kwa ukali zaidi, kwa Wamarekani ndio usiseme. Neno lenyewe haipasoniki alilileta Tsien Hsue-shen, Mchina aliyekuwa anafanya utafiti Marekani, kwenye andiko lake la 1946. Miaka minne baadaye Wamarekani wakamnyang'anya kibali cha kufanya kazi za siri, wakamweka chini ya ulinzi miaka mitano, 1955 akarudi China akawajengea wenzake makombora. Mwenye neno lake mwenyewe! Kwa hiyo usijione wewe ndiye uliyekosea kujaza fomu.

Lakini uliponiandikia ulijiita mtu wa spidi, na mimi nilivyosoma nikaona mtu wa joto. Nenda Kinyerezi ukaangalie ile mitambo ya gesi ya umeme. Kwenye tabaini za kisasa gesi inayopita kwenye blade inaweza kuwa na joto kuliko kiwango ambacho chuma chenyewe kinaanza kuyeyuka, blade zinapona kwa sababu zimetobolewa vitundu vinavyopuliza hewa ya baridi, utando mwembamba juu ya ngozi ya chuma. Utando mwembamba mwanangu. Ukivurugika vibaya blade inaungua. Kuna maabara zinazopima hicho chako na hiki kwa sensa zilezile. Na Mlimani wanahitaji watu wa kufundisha uhamishaji wa joto ambao wamewahi kuupima kwa mikono, nakuambia kama mtu aliyefundishwa somo hilo na mwalimu aliyekuwa anasoma daftari lake la zamani. Sisemi kuna kazi inakungoja Machi. Nasema ukiandika barua ya kuomba, neno la kwanza liwe joto, haipasoniki iwe mstari wa tatu.

Maliza mwaka huo uliobaki.

Na hiyo koni usiichukue, mrudishie mama palepale kwenye kabati kati ya maua na mzee, ila umwandikie kikaratasi aweke chini yake, kwa Kiswahili, ni kitu gani. Mama mwambie Alhamisi usiku, usingoje Ijumaa. Halafu unitumie mjomba amesema nini, huyo nina hamu naye.

Anti